Muuguzi Aliyemlaza Kaka Yake Kifudifudi

Mmeniganda kama kupe: andika habari za muuguzi, andika. Mwenyewe yu hai na mdomo anao, mbona hamumuulizi? Haya. Kalamu kwangu nzito kuliko mchi, lakini ninayoyajua nitayasema.

Muuguzi huyo ni mwembamba, utadhani upepo utamwangusha. Kaka yake aliuza kuku sokoni. Mteja akitaka kujua kama kuku amenona, kaka humpindua, akapuliza manyoya ya tumboni ili ngozi ionekane. Wauza kuku wote hufanya hivyo. Kuku arobaini kwa siku, uso ndani ya manyoya. Mwaka ule kuku walikuja na homa yao, na kaka akaivuta.

Siku ya nne ya homa aliletwa wodini kwa dada yake, midomo imegeuka bluu. Daktari akainua picha ya kifua dirishani. Palipopaswa kuwa peusi pamejaa weupe kama sufi.

"Mafua ya kawaida huishia puani na kooni," akamwambia muuguzi. "Haya ya ndege yameshuka hadi kwenye vifuko vya hewa, yamebabua kuta zake. Askari wa mwili nao wanapigana na mwizi hadi wanabomoa nyumba. Maji yanajaa."

Mashine ya kupumulia ilikuwa moja tu, na tayari ina mtu.

Muuguzi hakulia. Alijua mtu akilala chali, sehemu ya nyuma ya mapafu hukandamizwa; akilala kifudifudi, hupata hewa.

"Kaka, geuka. Lala kifudifudi."

"Niache, dada. Nife nikitazama dari."

"Dari lina utando wa buibui tu. Geuka."

"Tangu utotoni unanionea."

"Na bado."

Akamgeuza, mto kifuani, mto nyongani, bomba la oksijeni puani. Akavaa barakoa mbili, akakaa kando, kiganja mgongoni kwa kaka, akihesabu pumzi: arobaini na mbili kwa dakika. Wenzake wakimwambia akale, anasema amefunga. Mwongo, alichofunga ni mdomo. Kaka akitaka kugeuka, anakaripiwa. Akitulia, anasifiwa kama mtoto aliyemaliza maziwa. Siku ya tatu ya kulala hivyo, pumzi zikawa thelathini na sita. Siku ya sita, ishirini na nne, na kaka akaomba chai.

Mapafu yamebaki na makovu. Akipanda ngazi hupumzika katikati. Lakini anapanda.

Daktari alipewa cheti cha sifa, na alistahili. Dada mtu hakupewa hata asante ya mdomo, wala hajaidai. Basi ninaidai mimi. Nyinyi wenye mwandiko mzuri, mwandikieni mkuu wa hospitali, leo hii, na barua mniletee niisome kabla haijaondoka.