Kamba ya Nepi pale Jericho

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue saa na pete, nikunje mikono ya gauni, kisha nikapewa ndoo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika kituo cha jiji cha kulelea watoto wachanga pale mtaa wa Jericho, si mbali na soko. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, nami nilikuwa nimetoka Kakamega juzi juzi tu, nikidhani kulea watoto ni kubeba na kubembeleza. Mkuu wa kituo, mama mrefu ambaye sote tulimwita Matroni, alinionyesha ile ndoo akasema, "Felista, hapa mtoto analelewa kuanzia kiunoni kwenda chini. Ukiyaweza ya chini, ya juu hayatakushinda."

Ndani ya ndoo mlikuwa na nepi chafu. Ninyi wa leo mnazijua nepi za kutupa. Zetu zilikuwa za kitambaa, na kuzitunza ilikuwa kazi yenye kanuni zake. Mama akija kuandikisha mtoto, tulizikagua nepi kwanza. Taulo nene la mraba hunyonya sana lakini hukawia kukauka. Melimeli, kile kitambaa chepesi kama chandarua, hukauka upesi na hakimchubui mtoto mchanga. Mama asiyeweza kununua alishona nepi kutokana na mifuko ya kitambaa ya unga wa ngano, na hizo nazo tulizipokea, mradi ziwe zimefuliwa mara kadhaa hadi ule ugumu wa kiwandani uishe. "Dondoshea tone la maji," Matroni alinifunza. "Tone likikaa juu bila kuzama, hicho kitambaa bado hakijajua kunywa. Rudisha kwa karai."

Kufunga nako kulikuwa na namna yake. Tulikunja pembetatu, mvulana tukimwongezea unene mbele, msichana katikati na nyuma. Pini tuliisugua kwanza kwenye kipande cha sabuni ili ipenye bila kulazimishwa, na vidole vyetu vilikaa kati ya ncha na ngozi ya mtoto. Akichomwa mtu, awe mlezi. Zile chupi za plastiki za kuvaliwa juu ya nepi tulizivua mlangoni, maana zilizuia hewa na kumpikia mtoto mapaja. Kisha kufua: kukwangua choo, kuloweka, kufua kwa maji baridi kwa sababu maji ya moto hugandisha doa, kuchemsha, na kusuuza hadi maji yaondoke bila povu. Sabuni ikibaki kwenye kitambaa, mtoto atatoka vipele. Mwisho ni jua. Kamba yetu ilifungwa mbele ya kituo, kutoka nguzo ya lango hadi dirisha la jikoni, kwa kuwa nyuma kulikuwa na kivuli cha ukuta kutwa nzima.

Niliifanya kazi hiyo miaka kadhaa, nikapandishwa kuwa mlezi wa zamu, na Matroni akastaafu. Hakuna aliyewekwa mahali pake. Tukawa chini ya Msimamizi wa Vituo, bwana mmoja aliyekuwa na ofisi Makadara, ambaye alikuja kwetu mara chache na kila alipokuja alisimama mlangoni tu, kana kwamba kuingia ndani kungemchafulia viatu.

Asubuhi moja alifika na maboksi ya nepi za karatasi, zile za kutupa. Wageni walikuwa wanakuja kutembelea kituo, wakubwa wa jiji pamoja na wafadhili kutoka ng'ambo. Mimi na mwenzangu Wanjiru tulikuwa tumemaliza kuanika. Mtaa mzima ulikuwa na shida ya maji siku hizo, yalitoka alfajiri na kukatika, kwa hiyo tulichofua asubuhi ndicho watoto walichovaa hadi kesho yake.

"Toa hizi matambara hapa mbele," Msimamizi akasema. "Tia kwa gunia, ficha stoo. Watoto wavalishwe hizi za karatasi."

"Na wageni wakienda?" nikauliza.

"Wakienda watakuwa wameenda. Zilizobaki narudi nazo ofisini."

"Bwana Msimamizi, hizo ni mbichi. Zikikaa guniani kutwa zitavunda. Hawa watoto watarudi nyumbani na nini?"

"Hiyo ni shida ya mama zao. Wewe Felista, ni mfanyikazi wa nani? Wao ama mimi?"

"Wao," nikamjibu.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilikuwa nikimfikiria Rispa, mama wa pacha, Opiyo na Odongo, ambaye alifagia ofisi moja mjini. Nepi zake zilikuwa chache, za mifuko ya unga, na bosi wake alikuwa ameshamwonya kwamba akikosa kazi tena kwa sababu ya watoto, asirudi. Pacha wake bila nepi kavu wasingepokelewa kesho yake. Kazi ya Rispa ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ile.

Msimamizi akamgeukia Wanjiru. "Haya, wewe toa."

Wanjiru alikuwa amempakata mtoto. Akamweka begani, akampigapiga mgongo, wala hakusogea.

Basi yule bwana akaingia jikoni, kwa mara ya kwanza nadhani, akatoka na kisu, akaikata kamba. Nepi zote zikaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaujua udongo mweusi wa huku kwetu ukilowa. Nilitaka kumtupia karai. Badala yake niliinama nikaziokota, nikazisuuza kwa maji yaliyobaki kwenye pipa, na kwa kuwa kamba haikuwepo, nikazitandaza juu ya ua wa michongoma uliozunguka kituo, upande wa barabarani, kuanzia langoni. Ile miiba ilizishika vizuri kuliko pini. Msimamizi alinifuata akinikemea, lakini hangeweza kuninyang'anya nepi mbele ya watu wa mtaa waliokuwa wamesimama kutazama. Magari yalipofika, ua ulikuwa mweupe.

Mama mmoja wa makamo, mkubwa kutoka ofisi za jiji, alisimama akaniuliza, "Hizi zote ni za nini?"

"Ni nepi, mama. Watoto wako ndani wanazingoja zikauke."

Msimamizi akacheka kicheko cha kukohoa. Msidhani yule mama alinipongeza, wala hakumkaripia mtu. Alitikisa kichwa, akaingia ndani kunywa chai na wenzake. Jioni, Rispa alipokuja, niliwafunga Opiyo na Odongo nepi zao wenyewe, kavu, zenye joto la jua.

Kabla wiki haijaisha nilishushwa cheo, nikapelekwa kituo cha Makadara, chumba cha kufulia. Rispa na mama wengine waliposikia, waliomba ruhusa makazini mwao, wengine hawakuomba, wakaenda ofisini kwa Msimamizi na watoto wao. Wanjiru, aliyekuwa nao, ndiye aliyenisimulia. Waliketi kwenye benchi, wengine sakafuni. Rispa akasema, "Mturudishie Anti Felista, na mturudishie kamba. Tutashinda hapa. Na ujue hawa watoto hawajabadilishwa tangu asubuhi."

Harufu ilimtoa bwana yule ofisini mapema. Mimi hakunirudisha, lakini kamba aliirudisha. Kituo kiliwekewa nguzo za chuma, zikashindiliwa kwa saruji. Siku moja nilipita hapo nikielekea kanisani, nikasimama nje ya ua kutazama. Wasichana nisiowajua walikuwa wameanika, safu baada ya safu. Kifua kilinijaa, nusu uchungu, nusu majivuno, na nikaondoka nikitembea katikati ya njia.

Matroni wa Makadara alinipokea kwa maneno machache. "Nimeambiwa una mdomo."

"Ninao, Matroni. Na mikono pia ninayo."

Akanipa chumba. Nilikuta nepi za choo na za mkojo zikilowekwa pamoja, nikazitenganisha. Tukaelewana. Baada ya miaka miwili hivi Msimamizi akaniita. Alitaka nirudi Jericho niwe mkuu wa kituo, mradi nimwombe radhi.

"Radhi ya nini? Ya kukausha nepi?"

"Ya kunijibu mbele ya watu."

"Basi siendi," nikasema, nikarudi kwa makarai yangu. Nyumbani mume wangu alinuna. Alisema neno samahani halina uzito mdomoni. Nikamwambia kama ni jepesi hivyo, aende yeye akamwombe.

Nilimalizia kazi yangu katika kituo cha mtaa wa Tena, nilikohamishiwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya themanini, bado mfuaji. Wakati huo nepi za karatasi zilikuwa madukani na wasichana wa pale kazini waliniona mtu wa kale. Sina ugomvi na nepi za kutupa. Mwenye uwezo na anunue, mradi ambadilishe mtoto mara kwa mara asimwache akielea. Ugomvi wangu ni na mtu anayemfanya mama aone haya kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, akakichemsha, akakianika. Mama kama huyo usimfiche stoo. Na wewe binti unayeingia kazi hii leo, utaambiwa uwe mpole ili upande. Mimi sikupanda. Nalala vizuri.

Siku ya kuniaga walitupikia chai na mandazi pale kituo cha Tena. Afisa mpya, kijana mwenye tai, alisimama kunisifu. Akasema Mama Felista amekuwa mfanyikazi mtiifu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Nikanyanyua mkono. "Samahani, afisa. Hilo neno litoe."

Akanitazama na kikombe chake mkononi. "Neno gani, mama?"

"Mtiifu. Sikuwa."

"Sasa niseme nini?"

"Sema nilifua," nikamwambia, "na watoto walikuwa wakavu."