Håkan wa Chini ya Meza

Bustani ya mfalme, mwendo wa mashua kutoka Stockholm, ilikuwa na kijumba cha manjano kilichojengwa kwa sababu moja tu: wakubwa wapate kula bila kuwaona wanaowapikia. Nje kilichorwa mazimwi ya Kichina, paa likapindwa ncha, na kila mgeni alikisifu. Ndani kilikuwa na chumba kimoja chenye tundu sakafuni. Meza iliandaliwa chini, kengele ikalia, roda za kuinulia zikazungushwa, karamu nzima ikapanda kupitia tundu lile na kutokeza mbele ya wageni. Walisema wanataka kuzungumza kwa uhuru. Ukiniuliza, waliona haya tu.

Mzungusha roda alikuwa Håkan Persson, mjane kutoka Småland, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mwenzake upande wa pili wa roda aliitwa Jöns, naye maneno alikuwa nayo ya watu wawili. Jöns alijua Håkan anapenda tumbaku gani na jino lipi linamsumbua. Hakujua kwamba Håkan ana binti.

Hakuna aliyejua. Mke wa Håkan alipofariki, shamba lilikuwa limekwisha liwa na mawe na baridi, akampeleka binti yao Botilla mjini kwa bibi mmoja mkubwa asiye na mtoto, akawe mtumishi. Bibi yule akampenda. Akamfundisha Kifaransa na kinanda, akambadilisha jina akawa Beata, na mwisho akatangaza kwamba huyu ni yatima wa jamaa zake wa ng'ambo. Kisha akamwita Håkan sebuleni. "Ukimtaka mwanao, mchukue leo mrudi kwenye mawe yenu," alimwambia. "Ukimtakia mema, humjui." Håkan aliapa kwamba hamjui. Siku hizo aliona amefanya jambo la busara. Usiku wake wa kwanza peke yake alilia mpaka mto ukalowa, na tangu hapo hakulia tena, alinyamaza tu, na kunyamaza kukawa ndiyo tabia yake.

Alitafuta kazi bustanini kwa sababu wakubwa wote hufika pale siku moja au nyingine. Ujinga wa mapenzi! Alisahau kwamba kazi aliyopewa ni ya kutoonekana. Beata aliolewa na Kapteni Stjernlod, akaja kula kwenye kijumba kila majira ya joto, na baba yake akampandishia supu, samaki na matunda bila kuuona hata upindo wa gauni lake. Bibi yule alikuwa amesikia Håkan amepata kazi wapi, akamwambia binti kwa siri. Kwa hiyo kila mmoja alijua mwenzake yuko upande wa pili wa mbao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi asubuhi moja ya Julai msimamizi alishuka ngazi, akapiga makofi. "Leo ni karamu ya kumuaga Kapteni Stjernlod na mkewe. Wanahamia Ureno, na hawarudi. Sitaki kusikia hata kikohozi."

Håkan alikwenda zizi la mfalme, akaomba maziwa, akayagandisha, akachanganya mayai, malai na lozi, akaoka keki ya jibini katika sufuria ndogo ya shaba, kama mkewe alivyokuwa akioka kwenye sherehe. Hakuwa na njia nyingine ya kumuaga mwanawe. Alitaka tu ajue kwamba baba yake amesikia, na kama Mungu angependa, amjibu.

Mpishi alikuwa Kajsa, mama wa makamo aliyetoka parokia jirani na ya kina Håkan. Alipoiona sufuria ile alishika kiuno.

"He! Mwanamume na maziwa ya mgando! Unaolewa lini, Håkan?"

"Iweke mezani, mama."

"Mezani kwa mfalme? Chakula cha kwetu vijijini? Unataka nifukuzwe na huu uzee wangu?"

"Siku hizi wanajifanya wachunga mbuzi," Håkan alisema. "Watafurahi."

"Hilo kweli," Jöns akadakia. "Juzi nilimwona bibi mmoja kabeba jembe lenye utepe wa hariri. Jembe lenyewe kalishika kichwa chini!"

Kajsa alicheka. Kisha akainama, akanusa sufuria, uso ukamlainika. "Mama yangu alikuwa anatia lozi chungu mbili," alisema. "Haya. Ila wakiuliza, mimi sikuwepo."

Håkan aliiweka mezani mahali pa mke wa kapteni, penye kadi ya jina lake, ambayo kule chini ni yeye peke yake aliyeweza kuisoma. Kengele ikalia. Alizungusha roda taratibu kuliko siku zote, mpaka Jöns akamfokea kwamba wamebeba meza, si jeneza. Meza ikafunga tundu, giza likaingia kule chini, na Håkan akabaki ameinua uso. Alisikia vijiko, kicheko cha mwanamume, kinywaji kikimiminwa. Sauti za wanawake zilichanganyika. Alitamani moja inyamaze, lakini hata hivyo asingejua ni ipi.

Kengele ya pili ililia, meza ikashuka.

Sahani nyingine zilikuwa zimedonolewadonolewa. Keki ya jibini ilikuwa imechimbwa katikati, shimo zuri la mviringo, kijiko kimesimama humo, na kingo zote nzima. Kajsa aliiona, akaacha mwiko ukaanguka.

"Jamani! Njooni muone!"

"Kuna nini? Wameitapikia?" Jöns aliuliza.

"Nyamaza, wewe mtu wa mjini! Wakubwa hukata keki ukingoni, kwa kisu. Hivi tunakula sisi Småland. Mgeni anachimba katikati, penye utamu, kingo zenye ladha ya shaba anawaachia wenye nyumba. Huyu kafundishwa na mama yake, si kitabuni. Juu kuna binti wa kwetu!"

Håkan aliinama juu ya sufuria. Amejibu, mwanangu amejibu! Alitaka kupiga kelele, akumbatie sufuria, amshike Kajsa mabega amwambie ni Botilla, Botilla wangu.

Lakini Jöns alikuwa amekwisha fika mguu wa ngazi, macho yanamng'aa. "Bibi mkubwa aliyezaliwa zizini! Ngoja nikamwulize tarishi wao ni nani aliketi pale. Kufika jioni mji mzima utakuwa unacheka!"

"Na wewe Håkan uliyeiweka," Kajsa alisema, akimtazama sana. "Ulijua?"

Funika kombe mwanaharamu apite. Håkan alijifuta jasho, akalazimisha midomo yake itabasamu.

"Mbwa," alisema.

"Mbwa?"

"Wale vijibwa wao hupanda mezani. Mbwa ataanzia wapi kama si katikati?"

"Na kijiko?"

"Wamekichomeka wamlishe. Watu hawa, mnawajua."

Jöns aliangua kicheko, akarudi kuketi. "Mbwa wa Småland!" akasema, na Kajsa naye akacheka huku amekasirika, na Håkan akacheka nao, akacheka sana kuwapita, mpaka machozi yakapata sababu ya kutoka.

Kajsa aligawa kingo. Håkan alikula fungu lake lote, ladha ya shaba na yote, bila kuacha hata chembe.

Juu viti vilisogezwa. Wageni walipita juu ya kichwa chake kuelekea mlangoni, na sheria ilikuwa kwamba mtu wa chini asitoke mpaka magari ya farasi yameondoka. Håkan alisimama chini ya mbao akitafuta hatua za mwanawe kati ya zile za wengine. Hakuzijua. Alikuwa amemwacha mjini akiwa amevaa viatu vya mti, na viatu vya visigino hakuwahi kumsikia akivitembelea.