Kisogo cha Marehemu

Kaka yangu tulimwita Marehemu, na jina lenyewe alilipenda. "Marehemu, njoo chai inapoa!" Watu wanacheka, naye huyo anakuja mbio. Mama peke yake ndiye aliyekataa kata kata kumwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kufa. Filamu tuliyokuwa tukitengeneza ilihusu wafungwa sugu waliofungiwa ghalani wauane, atakayebaki hai aachiwe huru. Wafungwa walitakiwa wengi na mfuko ulikuwa mtupu, basi asubuhi kaka anauawa kwa shoka, mchana anabadilishwa shati, anauawa tena kwa mnyororo. Mimi ndiye niliyempaka damu, rangi nyekundu na sukari iliyochemshwa, na nzi walimpenda kuliko mastaa wote. Ili watazamaji wasimtambue, kila mara alikufa kifudifudi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "kila siku nasikia uko kwenye filamu, mbona naona visogo tu?"

Neno hilo lilimchoma. Akamfuata mwongozaji, mtu wa maneno ya asali na roho ya jiwe, akamwomba afe chali, mara moja tu. Akakubaliwa: siku ya mwisho atasukumwa kutoka roshani ya ghala, na kamera itabaki usoni mwake.

Chini tulipanga maboksi matupu, juu yake liwekwe godoro. Lakini godoro alikuwa amelilalia staa wetu, anakoroma, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

"Maboksi yanatosha," mwongozaji akasema.

Kaka akasukumwa. Nilisikia paja likivunjika. Sasa, kwetu kazini maiti hatikisiki mpaka mwongozaji aseme "Kata!" Kaka hakutikisika. Hakuguna hata kidogo. Alikodoa macho kwenye kamera kwa ajili ya mama, na yule mwanaharamu akanyamaza, anafaidi. Nilipotaka kumkimbilia, mshika taa akanivuta, "Dada, utaharibu!" Chozi likamtoka kaka, likateremka hadi sikioni.

Mfupa uliunga vibaya. Filamu ilipotoka, mama alivaa gauni lake zuri akakaa mbele kabisa kwenye ukumbi wa video, kaka pembeni yake na magongo. Mfungwa akasukumwa, akaanguka, tukaona kisogo. Walikuwa wamebandika kifo chake cha zamani.

Nilitoka nje nikampigia mwongozaji simu.

"Maiti halii, dada," akanijibu. "Alituharibia."

Ndani, mama alimpapasa kaka kisogoni, mpaka taa zikawashwa.

Juzi mwongozaji kampigia kaka simu mwenyewe. Wanatengeneza sehemu ya pili, wanataka mfungwa kilema, wa kuuawa mwanzoni kwa sababu hawezi kukimbia. Nilitamani nimpokonye kaka ile simu niipige ukutani.

Kaka akajivuta, akakaa sawa kitandani, akakohoa kidogo.

"Sura itaonekana?" akauliza.