Manjano Ndani ya Rejeta

Gari langu lilichemka Jumapili asubuhi, kwenye mpando wa kutoka Mulindi kuelekea Kanombe, mbele ya watu waliovaa vizuri kwenda kanisani. Dada yangu mkubwa alikuwa amekaa pembeni yangu, magongo yake mawili katikati ya magoti. Mshale wa joto ulianza kupanda taratibu, kisha ukakimbia. Nikauona, nikajifanya sijauona, nikakanyaga mafuta zaidi ili tufike juu upesi. Mvuke ulipotoka chini ya boneti, dada alipiga kelele.

"Yewe! Tunaungua!"

"Hatuungui, tunachemka tu," nikamjibu, kana kwamba hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Niliegesha kando, nikamshusha, nikampigia simu mwanangu anayeishi Busanza. Alikuja na gari lake safi lenye harufu ya duka. Alimsaidia mama yake mkubwa kupanda, akamfunga mkanda, kisha akanigeukia.

"Mama, likichemka tena, mara moja tu, naliuza. Utapanda basi kama watu wote."

"Na mama yako mkubwa atapanda basi na magongo mawili?"

"Tutaona."

Nalichukia neno hilo. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na kila mkubwa aliyeniambia "tutaona" alikuwa ameshaamua. Tena halikuwa tishio tupu. Baba yake alipofariki mwaka juzi, gari liliandikwa kwa jina la kijana, kwa sababu mimi sikutaka kuzunguka maofisini. Akitaka kuliuza, angeliuza mchana kweupe na nisingekuwa na la kusema.

Lazima nieleze gari hilo ni nini kwangu. Mimi na dada tulizaliwa Karagwe, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, na tumeishi karibu karibu maisha yetu yote. Sasa yeye yuko Kabuga na mimi niko Remera. Miguu yake imekataa kazi. Kila Jumapili namchukua, tunasali pamoja Remera, tunakula kwangu, tunasengenya wafu na wazima, namrudisha. Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka hamsini na minane, mume wangu akinifundisha na kunifokea, ili siku hiyo moja ya wiki isitegemee huruma ya mtu. Bila gari, ningekuwa naletewa dada yangu pale watoto wanapopata nafasi. Najua nafasi zao.

Jumatatu gari likavutwa kwa kamba, nikaenda nalo kwa fundi, gereji ya uani huku kwetu Remera. Ni mtu mzima aliyekulia Bujumbura, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilitegemea afungue boneti mara moja. Wapi! Alinivutia kiti cha plastiki, naye akakaa juu ya tairi, akaanza kunihoji kama daktari.

"Mama, maji ya radiateri ni nani anaijaza?"

"Mimi mwenyewe," nikasema kwa fahari. "Kila asubuhi, jagi moja. Sijawahi kusahau."

"Kila siku?"

"Kila siku. Marehemu mume wangu alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai. Alipoondoka, nikaendelea mimi."

Fundi alivua miwani. "Mama, gari si ng'ombe. Hainyweshwi kila siku. Hiyo maji yote iko inaenda wapi?"

Niliona haya kweli kweli. Watoto wa watu niliwachapa kwa maneno kwa sababu ya kukariri bila kuuliza, halafu mimi, mwaka na nusu, namimina jagi la maji mahali na siulizi linakokwenda. Niliamini kila gari duniani hunyweshwa asubuhi. Niliona mume wangu akifanya, basi ikawa sheria.

Alitandika kipande cha boksi chini ya injini, akajaza maji, tukasubiri. Boksi likabaki kavu. Nikaanza kufurahi, naye akanikatisha. Gari likiwa baridi, alisema, linaficha siri zake. Akaleta pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia msukumo, akaifunga pale panapokaa kifuniko cha rejeta, akapampu hewa ili maji yasukumwe kama vile injini imeshapata moto. Mshale wa ile saa ulisimama kidogo, kisha ukaanza kushuka: kuna mahali palikuwa panavuja.

"Angalia wewe," akasema, akinipa tochi na kioo kidogo cha kujitazamia uso. "Macho ya mwalimu."

Niliinama na mgongo wangu unalalamika. Nikapitisha kioo chini ya mkanda wa injini, na hapo nikaliona tone. Lilitoka chini ya pampu ya maji, likakaa, likanenepa, likaanguka. Nyuma yake palikuwa na mchirizi wa kutu, mrefu na mkavu, wa kitu kilichokuwa kikilia kwa miaka.

"Ni hiyo!" nikapiga kelele kama niliyepata pete iliyopotea.

"Ni hiyo moja," fundi akasema. "Lakini Mama, jana asubuhi ulijaza?"

"Nilijaza."

"Basi maji ilikuwamo, na bado ilichemka. Hiyo tone haiwezi kukuletea moshi hapo Mulindi. Iko jambo lingine."

Akafungua rejeta yote na kuitoa. Akaingiza mpira wa maji kwa juu. Chini yalitoka maji membamba, ya kubembeleza. Akaiinamisha juu ya beseni, akaigonga gonga kwa kiganja. Ndipo likaanza kutoka tope. Halikuwa jekundu la kutu peke yake. Lilikuwa la njano, zito, linashika kingo za beseni. Fundi akachovya kidole, akanusa, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, muliweka pilau?"

Nami nikainama, nikanusa. Manjano. Yalikuwa yamezeeka na kuchanganyika na kutu, lakini pua ya mpishi haidanganyiki.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori huko Tanzania kabla hatujarudi. Aliwahi kunisimulia kwamba madereva wa zamani walibeba manjano chini ya kiti. Rejeta ikivuja porini, unamimina vijiko kadhaa, unga unavimba, unaziba tundu, unafika mjini. Nilisikiliza kama mke anavyosikiliza hadithi za barabarani, nusu sikio. Sikuunganisha na kopo langu la jikoni lililokuwa likipungua kila mwezi. Kopo hilo lilituletea ugomvi! Nilimshuku msichana wa kazi. Nikamshuku jirani. Mwisho nikamshuku dada yangu, aliyekuwa akinisaidia kupika kila Jumapili, na nikamwambia usoni kwamba anabeba manjano yangu Kabuga. Hakuja kwangu wiki tatu. Na mume wangu alikuwepo, anakunywa chai, anasema, "Wanawake, acheni mambo madogo."

Nilikasirika pale gereji, nikamkasirikia maiti. Angeniambia! Angelipeleka gari kwa fundi! Lakini najua kwa nini hakusema. Mwanetu tangu wakati ule alikuwa akitaka liuzwe, na mzee alijua likishaingia gereji litatolewa hukumu. Basi akawa analitibu kwa siri, jagi asubuhi, kijiko pale hali inapozidi, ili mimi niendelee kwenda Kabuga. Unga ule ule uliozuia maji yasitoke ndio ulioziba vijia vya rejeta, moto ukakosa pa kutokea. Hasira ikanigeuka katikati, nikajikuta nacheka, na machozi yananitoka. Fundi akajishughulisha na spana zake mpaka nilipomaliza. Namshukuru kwa hilo.

Kazi ilichukua siku tatu. Aliweka pampu mpya na rejeta nyingine, akasafisha njia za maji ndani ya injini mara nne mpaka yakatoka meupe, akabadilisha na kifuniko kilicholegea. Akajaza kulanti, yale maji ya kijani, badala ya maji ya bomba yanayolea kutu. Kisha akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akawa anaminya mipira mmoja mmoja, mapovu yanapanda na kupasuka. Nikamuuliza mbona hatumalizi. Akasema hewa ikibaki ndani, mshale unaweza kudanganya na gari likachemka tena kesho. Tukasubiri mpaka feni ikajiwasha yenyewe, ikazima, ikajiwasha tena.

Mwisho akachukua kalamu nyeusi, akachora mstari kwenye kichupa cha akiba ya kulanti, pembeni ya injini.

"Mama, jagi iweke jikoni. Ukiona maji imeshuka chini ya hii mstari, unaniita. Usiongeze kimya kimya."

"Sitaongeza kimya kimya," nikaahidi.

Jumapili mwanangu alikuja kushuhudia mwenyewe. Alikaa kiti cha nyuma, lakini alikaa katikati, ili aone mshale. Tukateremka Mulindi, tukapanda, tukafika Kabuga, tukampakia dada. Wakati wa kurudi, mpando ule ule ukatukabili. Nilijua kwamba mshale ukivuka nusu, Jumapili zangu zimekwisha. Nikaona afadhali niseme kitu.

"Dada, manjano nimeyapata."

"Manjano gani?"

"Yale uliyoniibia."

Nikamweleza kila kitu, beseni, tope, lori, kijiko. Magongo yakaanza kugongana kwa kicheko chake.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Miaka yote hiyo mimi ni mwizi, kumbe shemeji!" Akajifuta macho kwa kitambaa. "Alikuwa akinitazama nikilia, mzee yule. Halafu ananikatia nyama kubwa."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe tukifika."

Tulifika. Tulipita pale nilipoegesha wiki iliyopita, tukapita Kanombe, na mshale ulikuwa umelala katikati kama mtu aliyeshiba. Tukasali, tukala kwangu. Mwanangu aliongea baada ya chakula, akiwa ameshasimama kuondoka. Alitoa mfukoni ufunguo wa akiba aliokuwa ameuchukua ile Jumapili gari lilipochemka, akauweka mezani karibu na sahani yangu.

"Jumapili ijayo nendeni wenyewe," akasema. "Na wiki hii twende tukaliandike kwa jina lako."

Nilimkatia nyama ya kwenda nayo, kubwa.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka, nikajaza jagi, nikatoka uani. Mkono ulikuwa umeshafungua boneti kabla akili haijaamka. Kulanti ilikuwa pale pale, juu ya mstari. Haikupungua hata ukucha. Nilisimama na jagi langu limejaa, sina pa kulimimina, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gereji nilimkumbuka mume wangu kwa hamu, bila kumkasirikia. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Nikafunga boneti.

Kwa maji yale nikamwagilia maua. Kisha nikaingia ndani, nikampigia dada simu, nikamwambia Jumapili avae mapema.