Rundo la Mchanga Uani Kwetu

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana jambo hili siwezi kulisema kwa sauti kubwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, na somo la usafi nalifundisha mwenyewe. Nyumbani nilikuwa mkali zaidi. Siku mbwa wa jirani alipomramba binti yangu mkono, niliuosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotuelekeza. Paka sikuwa na neno nao. Paka si najisi, tumekua tukijua hivyo. Hunywa maji yetu, hulala kwenye mikeka yetu. Kila nilipopaa samaki, matumbo niliwatupia wao.

Uani palikuwa na rundo la mchanga wa kujengea ukuta ambao hatujaujenga. Paka walikwenda haja pale na kufukia. Binti yangu, miaka sita, alipikia papo hapo mapishi yake ya mchezo, kisha akala mkate kwa mikono ile ile. Nilimwona. Nilichukulia kwamba mnyama ambaye mate yake ni safi, basi ni safi mzima, ilhali kinyesi chake ni najisi, na hilo nalo nilifundishwa madrasa nikiwa mdogo.

Aliponiambia jicho la kushoto lina ukungu, nilimjibu kwamba anakimbia daftari. Alirudia mara tatu, kisha akanyamaza. Zikapita wiki nyingi.

Aliyegundua ni mama yangu, mshonaji wa kofia, ambaye humwomba mjukuu wake amtungie uzi kwenye sindano. Asubuhi moja uzi ulikosa tundu mara nne. Mama akamtania kama kawaida yao: "Mke mwenzangu, mume mmoja atatuwezaje vipofu wawili?"

Mtoto hakucheka. Mama akamziba jicho la kulia kwa kiganja, akainua kofia mbele yake.

"Nimeshika nini?"

"Sijui, bibi. Nilimwambia mama."

Daktari wa macho, huko Dar, alinichorea jinsi ilivyotokea. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha paka au mbwa, hukomaa mchangani kwa wiki kadhaa, huingia mdomoni kwa vidole. Mnyoo mdogo kabisa hupotea njia mwilini mwa mtu na, mara chache, hufika nyuma ya jicho. Dawa zilituliza uvimbe. Kovu lilibaki, na jicho lile sasa huona kivuli tu.

Daktari aliniuliza mtoto alianza kulalamika lini. Nikasema juzi. Binti yangu alikuwa mapajani mwangu. Aligeuka, akaniangalia. Kwenye miadi ya pili nilisema kweli, binti akiwa anasikia, lakini macho yale bado yananitazama.

Wewe hujachelewa, na si kazi ngumu. Mchanga ufunike kwa turubai, mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula. Na leo hii mzibe jicho moja kwa kiganja, umuulize umeshika nini. Kisha mzibe la pili. Akishindwa kwa jicho lolote, mpeleke hospitali kesho asubuhi.