Kidoa Chini ya Sikio

Hapa Edo, Japani, kuchonga nywele za mwanamke kwenye ubao wa kupigia chapa picha si kazi ya kila mwenye patasi. Ile mistari ya juu ya kipaji cha uso, myembamba kama manyoya ya kifaranga, huachiwa fundi mkuu, na fundi mwenyewe alikuwa Tomozo. Safari hii alitamani wampe mtu mwingine.

Picha ilikuwa ya binti yake, Osayo, ameinama kwenye beseni anaosha nywele, kimono kimemshuka mabegani. Mchoraji alimchora wakati wa joto. Majani yalipoanza kupukutika, surua ikamchukua, miaka kumi na tisa tu, maskini. Picha nyingine yake haikuwepo.

Na kazi yetu hii ina ukatili wake. Karatasi ya mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha patasi hupita humo humo mpaka karatasi inakwisha yote. Otaki, mkewe Tomozo, alimsihi airudishe, asingizie ugonjwa, aseme lolote.

"Utamkata vipande mwanetu kwa mkono wako, baba Osayo?"

"Watatoka mia mbili, mke wangu. Na huyu hapa hajakamilika. Mchoraji kamnyima kidoa chake. Mimi nitamrudishia."

Maana Osayo alikuwa na kidoa cheusi chini ya sikio, na mama yake alikuwa hamchani nywele bila kukigusa. Wachoraji hawataki doa shingoni mwa mwanamke, wanunuzi hawalipendi. Otaki akakubali kwa ajili ya kidoa hicho.

Tomozo alichonga siku kumi na mbili, akifuta machozi yasije yakalowesha ubao. Chini ya sikio akaacha chembe moja ya mti imesimama ishike wino, ndogo kuliko ufuta.

Picha zilipokwisha kupigwa, akaenda kuchukua yake kwa mpiga chapa, Isaku, rafiki yake wa ujana. Isaku akamvuta pembeni, akamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna aliyeona.

"Ulisahau chembe shingoni, kaka. Macho yetu yamezeeka. Niliitoa kwa ncha ya kisu kabla sijapiga hata moja."

Tomozo akamshukuru. Angesema nini? Mtu kakusitiri.

Nyumbani Otaki alikuwa ameshanawa mikono, anangoja. Akaipokea karatasi, akazisifu nywele, na kweli zilikuwa za Osayo. Kisha kidole chake kikashuka chini ya sikio, kikatafuta, kikapanda, kikashuka tena.

"Yuko wapi?" akauliza.