Hadithi Niliyoapa Kuwa ni Kweli

Kitabu kikishatoka, mwandishi hugeuka mchuuzi. Chuo kikuu hawakunifundisha hilo. Walinifundisha nadharia nne za uhakiki, lakini hakuna hata moja inayokusaidia kumwuzia mtu kitabu ambacho hakukiomba. Mchapishaji wangu alinipa maboksi mawili ya nakala pamoja na ushauri wa neno moja: "Jitokeze."

Basi nikajitokeza. Nilijitokeza Nyamira, kwenye shule moja ambako mwalimu mkuu alinishika mkono kwa heshima, akauliza kama kitabu kimo katika orodha ya kutahiniwa. Niliposema hakimo, akanirudishia mkono wangu. Nilijitokeza Ogembo, kwenye duka la vitabu linalouza pia mbegu za mahindi na dawa ya kupe. Mwenye duka alikubali kuweka nakala tatu dirishani, chini ya picha ya ng'ombe wa gredi. Nilipiga picha dirisha hilo nikaituma kwa marafiki. Mmoja alijibu kwamba ng'ombe amependeza.

Kitabu chenyewe ni mkusanyiko wa hadithi za kuchekesha za mambo ya ajabu: mizimu inayofuatilia hati za mashamba, pepo aliyeajiriwa ofisi ya kaunti, na wale watu wetu wanaosemekana kukimbia uchi usiku wakirushia majirani mawe juu ya mabati. Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilihusu wakimbiaji hao. Katika hadithi wameunda chama. Wana mwenyekiti, wana katibu, na kila kikao huanza kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwanachama anayeogopa mbwa huandikiwa barua ya onyo. Wanalalamika kwamba boda boda wamewaharibia kazi, maana siku hizi utakimbilia wapi usimulikwe na taa ya pikipiki? Mwenyekiti wao ni mama mzee mwenye mabuti ya mpira, gambuti mbili zisizofanana, moja nyeusi na nyingine ya kijani, ambaye huonekana njiani hata ndege hawajaamka.

Gambuti hizo sikuzitunga. Ni za jirani wa mama yangu, kule kwetu kijijini juu ya Mosocho. Mume wake alifariki zamani na watoto wake wako Nairobi. Jembe lilitoboa gambuti ya kushoto ya jozi moja, mbwa akatafuna ya kulia ya jozi nyingine, naye akaona mabaki mawili yanatosha kuwa jozi ya tatu. Na kama anaonekana njiani kabla ya jua, ni kwa sababu chinsaga, ile mboga yetu chungu, ukiichuma na umande wake hufika sokoni haijanyauka. Yeye huuza chinsaga. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilipokuwa mdogo, mama alipolazwa hospitalini kujifungua ndugu yangu, nililala kwa mama huyo majuma mawili. Naweza kutoa ushahidi mahali popote kwamba usiku hulala, tena hukoroma.

Lakini ushahidi huo sikuutoa nilipohitajika kuutoa.

Nilialikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio moja inayotangaza kwa Kigusii, katika chumba cha ghorofani hapo Kisii mjini, juu ya duka la misumari na rangi. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikuwa amesoma jalada la nyuma la kitabu, na nusu ya jalada la mbele. Tulizungumza dakika kumi juu ya nafasi ya ucheshi katika jamii, na kwa dakika hizo kumi simu ya studio haikulia hata mara moja. Nilikuwa naiona ile simu. Mtangazaji naye alikuwa anaiona. Kisha akaegemea meza.

"Mwalimu, tuachane na Kizungu kingi. Huyu mama wa gambuti, ni wa kutunga ama yupo?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi kwamba mhusika si mtu.

"Yupo," nikasema. "Ni jirani yetu kabisa."

"Wacha."

"Haki ya Mungu. Hizo gambuti nimeziona kwa macho yangu, alfajiri, hakujapambazuka."

"Upande gani huko?"

"Siwezi kumtaja," nilisema, nikicheka kile kicheko cha mtu anayetaka abembelezwe. "Lakini watu wa Mosocho wanamjua."

Simu ililia. Ililia tena mara tu ilipowekwa. Mpigaji wa kwanza alisema anamjua. Wa pili alisema wa kwanza anamchanganya na mwingine, yeye ndiye anayemjua hasa. Wa tatu aliuliza kitabu kinapatikana wapi, nami nikataja maduka yote kwa mpangilio kama mtu anayesoma litania. Nilitoka pale nikijiona nimeiva. Jioni hiyo mwenye duka wa Ogembo alinipigia kutaka nakala zaidi za "kile cha yule mama." Aliniambia amekihamisha, sasa kiko juu ya ng'ombe.

Mama yangu huwa hapigi simu. Yeye hubipu, halafu hungoja umpigie. Siku tatu baada ya kipindi alipiga mwenyewe, kwa salio lake, nikajua kuna jambo.

"Uko na watu?" aliuliza.

"Niko peke yangu."

"Basi keti."

Akanieleza. Jirani yake alikuwa amekwenda sokoni na kikapu kimejaa, amerudi kimejaa. Hakuna aliyemtukana. Watu walimsalimu kwa mbali na kupita kwenda kununua kwa mwenzake. Mmoja aliyekuwa ameshanunua alirudi na fungu lake, akaliweka polepole juu ya gunia, akasema mume wake kumbe alishanunua kwingine. Na vijana wa stendi ya pikipiki walikuwa wameanza kumwita mwenyekiti.

"Wewe si ulienda shule?" mama aliuliza.

"Mama, ilikuwa ni mzaha. Ni kitabu cha kuchekesha."

"Kitabu sijakisoma. Redio nimeisikia. Ulimwapia Mungu."

Hapo ndipo nilipoketi.

"Jana alikuja hapa kuniuliza kama nami ninaamini," mama akasema. "Tumeishi naye miaka arobaini, wewe mtoto. Ananiuliza hivyo, amesimama mlangoni. Hakutaka kuingia mpaka nimjibu."

Kwetu anayekimbia usiku huhesabiwa mchawi, na neno omorogi, yaani mchawi, halitupwi ovyo. Huanza kwa minong'ono sokoni, hupita kwa vijana, na likiwafikia vijana halirudi tena. Kila mmoja wetu anajua boma lililochomwa ambalo sasa ni migomba mitupu, na hakuna anayesimulia palikuwa na nini. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika makala juu ya jambo hilo, kwa Kiingereza, yenye tanbihi nyingi, nikaisoma kwenye kongamano. Nilieleza jinsi jamii inavyowageuza wajane wazee kuwa wachawi. Nilipigiwa makofi. Mtu mmoja kutoka ng'ambo alisema makala yangu ina ujasiri.

Nikaamua nitarudi redioni nikajikanushe. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisijipambe. Mtangazaji alinipokea kama ndugu aliyepotea, kwa maana kipindi kile cha kwanza kilikuwa kimesikilizwa sana.

"Wasikilizaji, mwandishi wetu amerudi, na safari hii uso wake si mzuri. Mwalimu, kuna nini?"

"Nimekuja kusema kwamba nilidanganya," nikasoma. "Yule mama si mchawi. Ni mkulima na mfanyabiashara. Nilisema yale ili kitabu changu kinunuliwe."

Kisha mtangazaji akacheka mpaka akashika maikrofoni isianguke.

"Ameshikwa! Jamani, mwandishi ametembelewa! Mwalimu, alikuja na gambuti zote mbili?"

"Sikiliza, ninasema kweli."

"Mnaisikia hiyo sauti? Inatetemeka. Pole, mwalimu. Aliyekutembelea ameacha alama?"

Mpigaji mmoja, mama mwenye sauti ya huruma, alinishauri nilale nimevaa shati nje ndani. Mwingine alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba sitaweza kulala. Nilijaribu mara tatu. Kila nilivyokana ndivyo uoga wangu ulivyozidi kuwa ushahidi. Ninawajibika kusema pia kwamba vitabu viliuzwa tena wiki hiyo, na kwamba niliposikia hivyo kitu fulani ndani yangu, kabla sijakizuia, kilifurahi.

Siku ya soko nilikwenda Mosocho mwenyewe. Nilimkuta amekaa kwenye gunia lake, mboga zimepangwa mafungu mafungu, umande ukiwa bado juu yake, na mbele yake pametulia kama mbele ya ofisi siku ya sikukuu. Kulia kwake na kushoto kwake watu wananunua. Nilichuchumaa.

"Bwakire buya, baba," nikamwamkia. Katika Kigusii baba ni mama. Ni jambo ambalo nimekuwa nikiwachekesha nalo wageni kwa miaka mingi, lakini siku hiyo halikunichekesha.

"Buya," akajibu. Mkono hakutoa.

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Nilianza kueleza tofauti ya mhusika na mtu. Nilikuwa kama katikati ya sentensi ya pili aliponiinulia kiganja.

"Nilikusikia redioni, mara zote mbili," alisema. "Ya pili ulisema vizuri. Lakini chinsaga hainunuliwi redioni."

"Nifanye nini?"

Akatazama huku na huku, akiwapima watu waliokuwa wakitutazama. Na walikuwa wakitutazama. Mwuza ndizi aliyekuwa karibu alikuwa ameacha kabisa kuuza ndizi.

"Umekula?" akaniuliza, kwa sauti ya kusikika.

"Bado."

Alivuta kapu lake, akatoa bakuli lenye kifuniko, akalifunua. Ulikuwa ugali wa wimbi, bado una joto, na chinsaga iliyopikwa kwa maziwa. Akamwaga maji kidogo mikononi mwangu kutoka kwenye chupa. Akaweka bakuli katikati yetu, juu ya gunia, mahali ambapo kila mtu angeliona. Nikaelewa. Kwetu hakuna mtu anayekula cha mchawi. Nikila mbele ya soko zima, nitakuwa nimesema kile ambacho redio haikuweza kukisema.

Nilinyoosha mkono. Na mkono ulisimama.

Sitaki kuupamba. Haukusimama muda mrefu, labda kiasi cha pumzi moja. Mimi, mwenye digrii mbili, mwenye makala yenye tanbihi, niliyelala katika nyumba yake majuma mawili, niliangalia ule ugali wa wimbi jinsi ulivyokuwa na weusi, na mkono ukangoja kitu ambacho sikuuambia ungoje. Sidhani kuna mtu sokoni aliyeona. Yeye aliona.

"Hata wewe," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, ya kunifikia mimi tu.

Nikamega, nikachovya, nikala. Nilikula mpaka bakuli likabaki jeupe. Nilikuwa natafuta la kumwambia, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu yangu. Nilipotaka kusimama akanishika goti.

"Unakwenda wapi? Kaa. Wanangoja waone kama utaanguka."

Nikakaa. Nilikaa asubuhi nzima juu ya kipande cha gunia, nikiwa tangazo la uhai wangu mwenyewe. Watu walipita wakinikagua kama wanavyokagua mbuzi. Mchana ulipokaribia, yule mwuza ndizi alisogea. Hakumwuliza mwenye mboga. Aliniuliza mimi.

"Mwalimu, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Tumbo?"

"Tumbo pia liko sawa."

Akasimama akifikiri. Kisha akachukua mafungu mawili, akalipa, akaenda bila kuongeza neno. Baada yake alikuja mwanamke mwingine, halafu mwingine. Kikapu hakikuisha, lakini kilishuka. Vijana wa pikipiki hawakumwita mwenyekiti siku hiyo, labda kwa sababu nilikuwepo.

Nilipokuwa naaga, nikijiona kama mtu aliyelipa, alinikumbusha kwamba soko lina siku nyingi.

"Siku ya soko ijayo urudi. Watasema kuna dawa za kuchelewa."

Nimerudi. Nimemwambia mchapishaji kwamba hadithi ile itoke katika toleo lijalo. Amejibu kwamba ndiyo inayouza kitabu, na bado tunaandikiana. Hilo ni langu na yeye. La sokoni ni kwamba ninakwenda, ninanawa, ninakula huku watu wakiona, na wanunuzi wanaongezeka polepole, ingawa si wote wa zamani waliorudi.

Mara ya tatu nilikuwa nimeazimia mkono usinisaliti. Kifuniko hakijafunuka vizuri, nikawa nimeshaumega ugali na kuutia kinywani, wa moto, machozi yakanitoka. Alinisubiri nimeze. Alikuwa akinitazama bila hasira, kama unavyomtazama mtoto aliyekuja na daftari lenye kosa lile lile.

"Taratibu," akasema. "Haraka nayo inaonekana."